Ni Lini Papa Hakosei?

Mwezi Januari mwaka 2024, katika sala ya jumuiya yetu ndogo ndogo, baada ya tafakari ya Injili na kabla ya matangazo ya mwenyekiti, mzee mmoja ambaye kwa kawaida hukaa kimya karibu na mlango aliomba nafasi akaniuliza: "Mwalimu, tangu utoto wetu tumefundishwa kwamba Papa hakosei. Sasa hawa maaskofu wetu wa Afrika wamewezaje kuikataa karatasi aliyoitia saini yeye mwenyewe?" Nilimjibu upesi kwamba karatasi ile, yaani tamko la Vatikano Fiducia Supplicans la Desemba 2023 lililohusu baraka kwa wapenzi wa jinsia moja, haikuwa dogma, yaani fundisho la imani lililoamuliwa kwa neno la mwisho, na kwa kuwa watu walikwisha kusimama kwa sala ya kufunga, tukaishia hapo. Jibu langu lilikuwa sahihi lakini halikumfaa kitu, kwa sababu mtu ambaye hajaelezwa dogma inapatikanaje hafaidiki kwa kuambiwa kwamba jambo fulani si dogma. Nimeona nimjibu tena kwa maandishi, safari hii bila haraka.

Usemi kwamba "Papa hakosei" umefupishwa mno, na ufupi huo ndio unaotusumbua. Fundisho lenyewe lilitangazwa na Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, tarehe 18 Julai 1870, katika Katiba (hati rasmi ya Kanisa) iitwayo Pastor Aeternus. Linasema kwamba Papa amekingwa asikosee pale anaposema kama mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, akiitumia mamlaka yake kuu ya kitume, na kuamua kwa neno la mwisho fundisho la imani au la maadili ambalo Kanisa zima linapaswa kulishika. Hayo yote sharti yawepo kwa pamoja. Homilia ya Dominika haimo, mahojiano na waandishi wa habari ndani ya ndege hayamo, uteuzi wa maaskofu haumo, wala siasa na fedha za Vatikano hazimo.

Fundisho hilo halikupita kimya kimya. Katika kura ya awali ya tarehe 13 Julai, maaskofu 451 walikubali, 88 walikataa, na 62 walikubali kwa sharti la marekebisho. Wengi wa waliopinga hawakutaka kumkatalia Baba Mtakatifu mbele ya uso wake, hivyo maaskofu wapatao 60 waliondoka Roma kabla ya siku ya mwisho. Siku hiyo radi na ngurumo zilipiga juu ya Basilika la Mtakatifu Petro huku majina yakiitwa moja moja, na giza likawa zito hata ikabidi Pio IX, Papa wa wakati huo, aletewe mshumaa ili aweze kusoma. Waliosema ndiyo walikuwa 533. Waliosema hapana walikuwa wawili tu, Luigi Riccio wa Caiazzo nchini Italia na Edward Fitzgerald wa Little Rock nchini Marekani, na matokeo yalipotangazwa wote wawili waliyapokea. Wapinzani walisema kwamba ngurumo zile ni hasira ya Mungu, na waliounga mkono wakakumbusha kwamba hata Sinai kulikuwa na ngurumo. Kila upande uliisoma mvua kwa namna ulivyotaka.

Kuna kisa cha mwezi mmoja kabla ya hapo ambacho mimi hukirudia mara nyingi. Kardinali Guidi, mtawa wa shirika la Wadominikani na Askofu Mkuu wa Bologna, alisimama mtagusoni akasema kwamba Papa hawezi kuamua fundisho bila kwanza kuyasikiliza Mapokeo ya Kanisa yanayoshuhudiwa na maaskofu. Husimuliwa kwamba Pio IX alimwita jioni ile ile akamkaripia, na kumwambia kwamba Mapokeo ni yeye mwenyewe. Awe alisema hivyo au hakusema, la maana ni kwamba Katiba iliyopitishwa haikuandika hivyo. Iliandika kwamba waandamizi wa Petro hawakuahidiwa Roho Mtakatifu ili wafunue fundisho jipya, wameahidiwa ili walilinde kitakatifu na kulieleza kwa uaminifu lile lililokabidhiwa na Mitume. Kwa lugha yetu ningesema Papa ni mtunzaji wa amana ya imani, wala si mtunzi wake. Bismarck, kansela wa Ujerumani, alipodai kwamba Papa amekuwa mfalme asiye na mipaka na maaskofu wamebaki vyombo vyake tu, maaskofu wa nchi hiyo walikanusha kwa maandishi mwaka 1875 wakisema kwamba Papa mwenyewe amefungwa na Maandiko, Mapokeo na yale yaliyokwisha kuamuliwa. Pio IX aliyathibitisha maneno yao.

Tangu mwaka 1870 hadi leo mamlaka hayo ya juu kabisa yametumika waziwazi mara moja tu, tarehe 1 Novemba 1950, Pio XII alipotangaza Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Naye hakuamka siku moja akatangaza, kwa maana mwaka 1946 aliwaandikia maaskofu wa dunia nzima akiwauliza wao, mapadre wao na waamini wao wanaamini nini. Pio IX alikuwa amefanya vivyo hivyo mwaka 1849, akapokea majibu ya zaidi ya maaskofu 500 waliomuunga mkono, ndipo mwaka 1854 akatangaza kwamba Maria alikingiwa dhambi ya asili. Sikukuu za Maria zilikuwa zikiadhimishwa kwa karne nyingi kabla ya hati hizo. Dogma ilikuja nyuma ya rozari.

Lakini ukitaka kuona jinsi fundisho linavyoamuliwa, wakati mwingine ni bora kumtazama Papa aliyekosea. Yohane XXII aliishi Avignon, Ufaransa, na alikuwa mzee sana, amekwisha kupita miaka 80, alipopanda mimbari katika Sherehe ya Watakatifu Wote mwaka 1331 akaanza mfululizo wa homilia zilizowashtua wasikilizaji. Alihubiri kwamba roho za watakatifu bado hazimwoni Mungu uso kwa uso. Alitumia Kitabu cha Ufunuo, ambamo roho za waliouawa zinaonekana chini ya altare, akaeleza kwamba zimepumzika hapo chini ya ulinzi wa ubinadamu wa Kristo hadi siku ya hukumu ya mwisho, na kwamba hapo ndipo zitakapouona Umungu wake.

Fikiria maana yake kwa mtu wa kawaida. Mwezi Novemba tunaimba litania ya watakatifu, tunawataja kwa majina, na kwa kila jina tunaitikia "utuombee". Kama Petro na Paulo wenyewe bado wanasubiri, mwitikio huo tunauelekeza kwa nani? Mdominikani wa Uingereza, Thomas Waleys, aliyehubiri dhidi ya wazo hilo humo humo Avignon, alitiwa gerezani. Hata hivyo mjadala haukunyamazishwa. Mwezi Desemba 1333 wanateolojia wa Paris walikusanyika Vincennes mbele ya mfalme Philip VI, wakasema kwamba roho zilizotakaswa zinamwona Mungu tayari. Papa mwenyewe alikuwa akisema kwamba ametoa maoni yake kama mwanateolojia na kwamba yuko tayari kusahihishwa, na ndivyo ilivyokuwa: tarehe 3 Desemba 1334, akiwa kitandani, aliwaita makardinali akakiri kwamba roho zilizotakaswa humwona Mungu uso kwa uso, kwa kadiri hali ya roho iliyotengana na mwili inavyoruhusu. Kesho yake alifariki. Mwandamizi wake, Benedikto XII, alichukua zaidi ya mwaka kulichunguza jambo hilo, na tarehe 29 Januari 1336 akatoa Katiba Benedictus Deus iliyolifunga kabisa. Homilia za yule wa kwanza zilikuwa za Papa, na Katiba ya huyu wa pili ni ya Papa, lakini ya pili pekee ndiyo inayotufunga.

Kati ya homilia na dogma kuna ngazi nyingi, na hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa, nami nikiwemo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Lumen Gentium ya mwaka 1964, unaagiza kwamba hata mafundisho ya kawaida ya Papa, yasiyotolewa kama neno la mwisho, yapokewe kwa unyenyekevu wa kidini wa akili na utashi. Kwa hiyo mtu asiseme "hiyo si dogma" kama mwenye kutupa ganda la ndizi. Waraka Humanae Vitae wa mwaka 1968 kuhusu uzazi haukutangazwa kama dogma, lakini haukutolewa kama ushauri pia. Mtaguso huo huo uliirudisha mizani ambayo ule wa kwanza uliiacha imening'inia, kwa sababu siku moja tu baada ya kura ya 1870 vita kati ya Ufaransa na Prussia vilianza, maaskofu wakatawanyika, na Septemba majeshi ya Italia yakaiteka Roma kabla fundisho kuhusu mamlaka ya maaskofu halijajadiliwa.   Lumen Gentium inasema kwamba maaskofu pamoja na Khalifa wa Petro ni urika mmoja, yaani kundi moja linaloshirikiana katika kuliongoza Kanisa, na kwamba askofu katika jimbo lake si naibu wa Papa.

Sasa nirudi kwenye karatasi ya mzee. Fiducia Supplicans ilitolewa tarehe 18 Desemba 2023 na Dikasteri ya Mafundisho Tanzu ya Kanisa, yaani ofisi ya Vatikano inayosimamia mafundisho, kwa idhini ya Papa Fransisko, ikiruhusu baraka fupi zisizo za kiliturujia kwa watu wawili walio katika mahusiano yasiyo ndoa ya Kanisa, wakiwemo wa jinsia moja, huku ikisisitiza kwamba fundisho kuhusu ndoa halijabadilika. Tarehe 11 Januari 2024, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, akiwa rais wa SECAM, muungano wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika na Madagaska, alitangaza kwamba maaskofu wa Afrika hawaoni kuwa inafaa kuwabariki wapenzi wa jinsia moja katika makanisa yao. Waliolishangilia tamko hilo kama ushindi wa Afrika dhidi ya Roma hawakulisoma hadi mwisho, na waliolaani uasi hawakulisoma pia, kwa maana Kardinali alikwenda Roma, akaliandaa kwa mashauriano na Papa na mkuu wa Dikasteri, na ndani yake maaskofu walithibitisha ushirika wao na Fransisko. Suala lilikuwa la kichungaji, kuhusu namna ya kubariki, na maaskofu walizungumza kama wachungaji wa mahali pao.

Jumamosi iliyopita nilimsimulia mzee habari za Yohane XXII tukiwa tunasubiri wanajumuiya wengine. Alisikiliza hadi mwisho, akaikunja kofia yake magotini, akasema, "Kumbe litania yetu ya Novemba ilimshinda Papa."

Nikamwambia haikuwa peke yake, walikuwepo na walimu wa Paris.

"Hao walisoma," akasema. "Sisi tuliimba tu."