Kufunga redio ya upepo kwenye gari la safari: usibane matumizi kwenye antena wala nyaya

Magari yanayopeleka wageni Serengeti, Ngorongoro na Tarangire hupita sehemu nyingi ambako simu haishiki mtandao, na huko redio ya upepo ni chombo cha usalama kabla ya kuwa chombo cha kuulizana simba wako wapi. Dereva aliyezama kwenye tope, au mwongozaji ambaye mgeni wake amezidiwa ghafla, hutegemea sauti yake imfikie mtu wa kumsaidia. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Arusha, na jambo linalonisikitisha ni kuona mmiliki akitoa fedha nyingi kununua redio nzuri, kisha akabana matumizi kwenye antena na nyaya, ilhali hivyo viwili ndivyo vinavyoamua kama dereva wake atasikika.

Redio nyingi za magari haya hutumia masafa (yaani frikwensi) ya VHF, ambayo mawimbi yake husafiri karibu kwa mstari ulionyooka na hayapindi vya kutosha kufuata milima na mabonde. Magari mawili yaliyo kwenye tambarare, kila moja likiwa na antena iliyo mita 2.5 kutoka ardhini, yanaweza kutarajia kusikilizana vizuri kwa umbali wa kama kilomita 13. Zaidi ya hapo mviringo wa dunia wenyewe huanza kuyakinga. Ndiyo maana kuongeza nguvu kutoka wati 25 hadi wati 50 hakuleti mabadiliko makubwa kama watu wanavyodhani, na ndiyo maana kituo cha kupokea na kurusha upya mawimbi, ambacho sisi mafundi tunakiita ripita, hujengwa mahali pa juu. Ndani ya kreta ya Ngorongoro, ambayo sakafu yake iko takribani mita 600 chini ya ukingo, gari lisilo na ripita inayoliona haliwezi kutegemea kuwasiliana na ofisi iliyo ng'ambo ya ukuta ule, hata likifungwa redio ya bei gani.

Urefu wa antena hutokana na masafa, kwa hiyo kabla sijagusa drili humwomba mteja anionyeshe leseni yake ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa kuwa humo ndimo yalimoandikwa masafa aliyopangiwa. Kwa masafa ya MHz 150 wimbi moja lina urefu wa mita 2, na antena ya robo ya wimbi huwa na sentimita 50 hivi. Nusu ya pili ya antena hiyo ni bati la gari lenyewe, na hapo ndipo magari ya safari yanapotupa kazi, kwa sababu mengi yamekatwa paa ili lifunguke, na sehemu inayofunguka mara nyingi ni ya faibaglasi, ambayo kwa redio ni sawa na hewa tupu. Katikati ya paa la bati ndipo mahali bora kuliko pote, lakini likikosekana mimi huchagua sehemu ya bati iliyobaki mbele ya paa, au bodi ya mbele karibu na boneti, nikimweleza mteja wazi kwamba upande mmoja utasikika vizuri kuliko mwingine.

Baada ya kutoboa tundu, nageukia rangi. Upande wa chini, pale kitako cha antena kinapobana bati, nakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae duara zima, kwa sababu rangi haipitishi umeme, na antena iliyokaa juu ya rangi huonekana imefungwa imara wakati kwa umeme inaning'inia. Kisha napaka grisi kidogo ili vumbi na maji ya masika yasilete kutu, na ndipo nakaza.

Umeme wa redio lazima utoke moja kwa moja kwenye betri, kamwe usitoke kwenye soketi ya kuwashia sigara. Redio ya wati 50 huvuta kama ampia 10 dereva anapobonyeza maiki, na waya mwembamba hauwezi kuzibeba bila kupoteza volti njiani: ukitumia waya wa milimita mraba 1 kwa umbali wa mita 5 kwenda na mita 5 kurudi, unapoteza karibu volti 1.75, lakini wa milimita mraba 6 hupoteza chini ya volti 0.3. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya usiwake moto ukichubuka njiani, na kila tundu la ukuta wa injini livishwe raba. Kwa malori na mabasi ya volti 24, tumia kifaa cha kushusha umeme hadi volti 12. Wapo wanaochukua volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili zilizounganishwa, na matokeo yake ni betri moja kuchoka huku nyingine ikichajiwa kupita kiasi.

Redio yenyewe isifungwe mahali mfuko wa hewa unapofumukia. Mengine ya dashibodi mteja na dereva wake wakubaliane.

Kabla gari halijaondoka naweka mita ya SWR, yaani kipimo kinachoonyesha nguvu inayorudishwa na antena, kati ya redio na antena. Ikisoma 1.5 au chini yake naridhika, lakini ikifika 3 maana yake robo ya nguvu inarudi kwenye redio badala ya kwenda hewani, na kosa mara nyingi huwa kwenye plagi iliyolehemiwa vibaya au kitako kisichogusa bati. Jaribio hilo nalirudia injini ikiwa inanguruma, nikisikiliza kama altaneta, yaani jenereta inayochaji betri, inaingiza mluzi kwenye spika. Kisha namwomba dereva alirudishe gari baada ya safari yake ya kwanza, kwa sababu barabara za changarawe hulegeza nati ambayo gerejini ilionekana haiwezi kulegea, na kuikaza upya pamoja na kupima SWR ni kazi ya dakika chache ambayo silipishi.