Siku moja ya kuhudumia wazee majumbani, Uingereza

Saa 1:00 asubuhi. Ufunguo uko kwenye kisanduku cha namba ukutani. Gonga kabla ya kufungua, jitaje, kisha ongelea mvua. Hiyo ndiyo hodi ya pili hapa. Ukiingia na "umepata choo?" mzee anajifunga papo hapo. Mwite Missis na jina la ukoo mpaka mwenyewe akupe la kwanza.

Saa 1:45 hadi 3:30. Nyumba tatu: kuogesha, dawa, uji wa shayiri, kujaza chati.

Saa 4:00. Watu hudhani kazi yetu ni nepi. Nepi ni dakika tano. Kazi ni huyu bibi wa miaka 80 na ushee ambaye kila swali analijibu "si mbaya, usijisumbue". Kizazi hiki kilikua na mgao wa chakula wa enzi za vita uliodumu hadi 1954, na nadhani ndiyo maana kuomba chochote wanakuona ni kuwa mzigo. Basi usiulize kama anataka chai. Sema unachemsha maji yako, umtilie na yeye? Atakubali. Majani yakae dakika tatu nne, maziwa kidogo, mililita 200, andika. Kikombe cha jana kimejaa vilevile, midomo imekauka, mkojo umekuwa wa kahawia: hapo huhitaji jibu lake.

Maumivu vivyo hivyo. Ukimwambia apime kwa 0 hadi 10 atasema 2, huku akisimama anashika kiti kwa mikono miwili na kuuma meno. Kwenye chati andika yote mawili, kwa sababu nesi akisoma "yuko sawa" anapita. Kabla ya kumpa paracetamol hesabu vidonge paketini. Wengine humeza usiku kimyakimya. Kati ya dozi na dozi ziwe saa 4 au zaidi, na vidonge vya miligramu 500 visizidi 8 kwa saa 24.

Ukimgeuza anaomba radhi, maji yakipoa anaomba radhi. Mpe taulo ashike, achague sweta, hizo radhi zinapungua.

Halafu umeshavaa koti, mkono uko kwenye kitasa: "Nisije nikasahau, juzi niliteleza kidogo." Vua koti. Kichwa kiligonga? Anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Vyote viwili vikiwa ndiyo, ni hospitali leo hii, hata akisema asiwapotezee muda madaktari. Ofisi ipigiwe, michubuko iandikwe na mahali ilipo. Ziara ya nusu saa imekwisha kuwa saa nzima.

Anayefuata hatalalamika. Atasema, "Najua mna shughuli nyingi." Hilo ndilo karipio lenyewe. Omba radhi mara moja, usijieleze, washa birika.

Mchana, jioni, zote zinakuwa moja: soksi, supu, matone ya macho, king'ora cha kuitia msaada shingoni, mapazia. Miguu imevimba. Na ratiba bado inasema kutoka nyumba hadi nyumba ni dakika 5, wakati basi lenyewe unalingoja 15.