Kanda ya Celine Dion iliyokatikia njiani

Jumapili nilikuwa kwa dada Ujiji, mvua imeanza saa nane mchana na haioneshi dalili ya kukata, hakuna wa kutoka, basi nikaunganisha simu na kile kispika cha mwanae nikaweka Falling into You ya Celine Dion, yote, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho bila kuruka hata mmoja. Nasema yote kwa sababu sisi nyumbani tumeishi na hiyo albamu karibu miaka 30 na hatujawahi kuisikia mpaka mwisho.

Ilitoka Machi 1996. Kwetu Mwanga, Kigoma, ilifika ikiwa kanda ya kurekodia, ile ya dakika 60, mtu kairekodi Dar ikaja na treni, juu imeandikwa CELINE kwa kalamu ya bluu basi. Sasa albamu yenyewe inazidi saa moja, kwa hiyo upande A zilienea nyimbo sita, All by Myself ukiisha tu na redio inajikata tak! na upande B ukifika katikati ya River Deep, Mountain High utepe umeisha, mama wa watu kaachwa mdomo wazi. Sisi tukajua ndo albamu inavyoisha.

Redio ilikuwa ya betri. Zikichoka dada anazianika juu ya bati tangu asubuhi, jioni zinakupa nyimbo mbili tatu halafu sauti inaanza kuburuta. Kuna siku redio ilikula utepe, tukautoa polepole tukaurudisha kwa kuzungusha na kalamu lakini ulishakunjika, ikawa kila ukifika ule mstari wa pili wa Because You Loved Me sauti inazama kama mtu katumbukia ziwani halafu inaibuka tena. Jumapili nasikiliza kwenye simu, safi kabisa, tumefika pale mimi na dada tumeangaliana, wote wawili tulikuwa tunasubiri azame.

Na niseme ukweli, sio kila wimbo mle una uzito sawa. Make You Happy na Declaration of Love naziona za kujazia, zinapita tu. Natural Woman ameuimba vizuri sana ila ule una mwenyewe, Aretha Franklin, na ukishamsikia mwenyewe basi. Lakini It's All Coming Back to Me Now jamani! Jim Steinman kaandika wimbo wa dakika saba na nusu, unaanza na kinanda peke yake kama mtu anagonga mlango usiku, unapanda, unashuka mpaka unadhani umeisha, unapanda tena, yani ni kama kuangalia Tanganyika ikichafuka kutoka kimya mpaka mawimbi yanapiga mitumbwi huko Kibirizi. Na All by Myself, huo asili yake ni wa Eric Carmen wa mwaka 1975, naye sauti yake aliichukua kwenye muziki wa kinanda wa Mrusi Rachmaninoff, lakini pale karibu na mwisho Celine anapoipandisha ile sauti na kuishikilia hewani, dada alikuwa anaacha kupepeta mchele, ungo uko mkononi umesimama, mpaka atue. Sikumbuki siku ambayo hakuacha.

Kiingereza hatukuwa tunakijua. Tulikuwa tunaimba kwa kufuata mlio tu na bado tulikuwa tunajua hapa analia, hapa anashukuru, hapa anaomba. Albamu imeuza zaidi ya nakala milioni 30 duniani, 1997 ikachukua Grammy ya albamu bora ya mwaka, na naamini wengi walionunua walikuwa kama sisi.

Sasa kuna huyu fundi cherehani. Mwishoni mwa 96 vita ilipowaka ng'ambo, Kongo, watu wengi walivuka ziwa kuja Kigoma, yeye alitokea Uvira, akapewa kona kwenye baraza ya jirani yetu akaweka cherehani. Siku moja upande B unapiga, umefika If That's What It Takes, akasimamisha cherehani akasema "hii wimbo iko ya Kifaransa, yeye aliimbaka mbele mu Kifaransa" na akaanza kuuimba, maneno mengine kabisa, sauti ile ile. Sisi watoto tukambishia mpaka jioni. Kumbe yuko sahihi, ni Pour que tu m'aimes encore, katunga Mfaransa Jean-Jacques Goldman, upo kwenye D'eux, albamu ya Celine ya Kifaransa ya 1995. Celine kazaliwa Charlemagne, Quebec, kule Kanada, mtoto wa mwisho kati ya 14, Kifaransa ndo lugha ya kwao, Kiingereza alijifunza akiwa mkubwa. Naona ndo maana anatamka kila neno kama analibeba kwa mikono miwili.

Basi Jumapili tukapita pale kanda ilipokuwa inakatikia. River Deep ukaisha wenyewe, nyimbo nyingine zikaja ambazo kwetu ni mpya, halafu wa mwisho kabisa, Fly. Hamna kelele, hamna kupandisha. Anaimba taratibu kama anamlaza mtoto. Nikamwambia dada huu ni wa Karine, mtoto wa dada yake Celine, alizaliwa na ugonjwa wa kurithi unaojaza makamasi mazito kwenye mapafu, akafariki 1993 ana miaka 16.

Dada alikuwa anachambua dagaa. Hakujibu kitu. Ulipoisha akasema rudisha, nikarudisha, safari hii akawa anaufuata kwa kuguna, na anajua unakoenda kabla haujafika.

"Wewe huu umeusikia wapi?"

"Si yule fundi. Alikuwa anauimba akipiga pasi, jioni, watu wakishaondoka."

Nikatafuta Vole, ndo huo huo wa Kifaransa, nao upo kwenye ile ile D'eux. Nikaubonyeza. Dada akaweka sinia chini.

"Eeh," akasema. "Ndo huo."