Gumegume na kanuni za YouTube

Swali ninaloulizwa zaidi chini ya video zangu ni hili: "Kaka, mbona hutuonyeshi unavyosubu risasi?" Leo nalijibu kwa kirefu. (Kusubu ni kuyeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu ili yawe risasi za bunduki.)

Mimi ni mzaliwa wa Tabora, naishi Pennsylvania. Huku baada ya Krismasi kuna msimu wa kuwinda kulungu uliotengewa bunduki za gumegume tangu 1974. Unamimina baruti nyeusi mdomoni mwa mtutu, unafuatisha risasi ya duara iliyovikwa kitambaa chenye mafuta, unashindilia kwa mdeki, na jiwe ndilo linalotoa cheche. Ukishapiga moja, unaanza upya. Baba mkubwa alikuwa na gobore la kibali, kwa hiyo nilipowaona wazee wa huku wakishindilia, nilijiona niko nyumbani. Ndipo nikaanza kurekodi kwa Kiswahili.

YouTube hairuhusu video inayofundisha kutengeneza bunduki au risasi, wala inayompeleka mtazamaji kwenye tovuti ya kuuziwa silaha. Ukiwa mubashara, huruhusiwi hata kuonekana umeshika bunduki. Juni 2024 wakaongeza kikomo cha miaka 18 kwa video zinazoonyesha matumizi ya bunduki zilizotengenezwa nyumbani na zile zinazopiga mfululizo. Ukikiuka unaonywa kwanza. Baada ya hapo, adhabu tatu ndani ya siku 90 na chaneli inafungwa.

Sehemu kubwa ya hayo naiunga mkono kwa moyo wote. Sitaki kijana ajifunze mtandaoni kugeuza bunduki ipige mfululizo. Kikomo cha umri nacho sina ugomvi nacho.

Ugomvi wangu ni kwamba gumegume limetiwa kapu moja na silaha hizo. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1968 ilitenganisha: bunduki ya 1898 au kabla ya hapo, pamoja na nakala za gumegume zisizotumia risasi za kisasa, haihesabiwi kuwa silaha ya moto kwa maana ya sheria hiyo. Kwenye kanuni za YouTube sijaona mstari wa namna hiyo. Na kwetu sisi, kuyeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu, kuviringisha karatasi ya baruti, kuchonga kitako cha mti wa mepo (maple), ndiyo sanaa yenyewe. Mwaka 1969 Wallace Gusler, fundi wa Colonial Williamsburg, makumbusho ya historia huko Virginia, alirekodiwa akitengeneza bunduki ndefu kuanzia kipande cha chuma hadi ikalia. Leo fundi wa kawaida akitaka kufundisha hivyo hatua kwa hatua, atafikiria chaneli yake kwanza. Wengine walishachoka: mwaka 2018 InRangeTV, chaneli ya video za silaha, walitangaza kupeleka video zao Pornhub. Mtu anayefundisha historia ya silaha kulazimika kubisha hodi kwenye tovuti ya ngono, hilo linaniuma.

Kinachonitisha zaidi ni woga. Mtu akiogopa kufungiwa, hukata hata yanayoruhusiwa. Nimeona video za kushindilia zilizopunguzwa hadi mtazamaji haoni mkono ulikaa wapi. Hapo ndipo watu huumia. Baruti humiminwa kwa kipimo, kamwe si moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia baruti, maana kaa dogo likibaki ndani ya mtutu, pembe nzima italipuka mkononi. Baruti ya kisasa isiyo na moshi usiitie kabisa, mtutu utapasuka. Na cheche ikiwasha baruti ya kisahani kilicho kando ya mtutu bila bunduki kulia, usiishushe: mdomo ubaki umeelekea kwenye shabaha dakika nzima, kwa sababu huenda ikalia ukiwa umeshaanza kuichungulia.

Haya nitaendelea kuyaonyesha bila kukata kitu. Kusubu sirekodi. Aliye karibu na Lancaster, hapa Pennsylvania, aniandikie, Jumamosi huwa niko karakanani. Aje na miwani ya kazi na glavu za ngozi, na watoto awaache nyumbani, maana mvuke wa madini ya risasi ni sumu.