Saa ambazo mfumo wetu hauzihesabu

Kampuni ninayofanyia kazi inatengeneza mfumo wa kompyuta wa kuendeshea SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo. Ofisi iko Mikocheni, Dar es Salaam, na wateja wetu wametapakaa: Mbeya, Njombe, Kilimanjaro, Mwanza na hapa hapa mjini. Kuna SACCOS za walimu, za wakulima wa kahawa, za wafanyakazi wa viwandani. Mimi ni mjaribu mifumo. Mtu akiandika kipande cha programu kinapita kwangu kabla hakijamfikia mteja, na nisiporidhika nacho hakipandi kwenye seva. Kabla ya hapo nilikaa huduma kwa wateja, kwenye simu, kwa hiyo kazi hii naijua kwa pande zote mbili.

Wadogo zetu wanaomaliza vyuo huniuliza sana kazi hizi zikoje. Wengi huanza na mshahara, na wana haki. Lakini katika wenzangu walioondoka, wachache waliondoka kwa sababu ya mshahara peke yake, na tuliobaki hatukubakishwa na chai na chapati za saa nne zinazolipiwa na kampuni.

Mimi kinachonibakisha ni kazi yenyewe. Chukua mkopo wa shilingi 1,000,000 unaorejeshwa kwa miezi 12. Ukigawanya unapata 83,333 na masalia. Masalia hayo hayalipiki, kwa hiyo mfumo unaandika rejesho la 83,333 kila mwezi, ukiacha riba. Sasa zidisha mara 12: ni 999,996. Zimebaki shilingi 4. Kuna toleo letu moja ambalo halikuzibeba shilingi hizo kwenye rejesho la mwisho. Shilingi 4 hazinunui hata pipi, lakini kwa mfumo mwanachama huyo bado anadaiwa. Anayedaiwa hapewi mkopo mpya, na akiba za wadhamini wake zinaendelea kushikiliwa. Fikiria mwalimu anakuja Januari anataka mkopo wa ada ya watoto, makato yake yote yametoka kwenye mshahara, karatasi zote anazo mkononi, halafu kompyuta inasema hajamaliza. Karani aliye dirishani hana la kumjibu.

Kasoro hiyo niliikamata toleo likiwa bado mezani kwangu. Sehemu ile iliandikwa na kaka mmoja mkimya anayeijua databesi yetu kuliko sisi wote. Nilimwita nikamwonyesha, akavuta kiti. Hakubisha. Alirekebisha ile shilingi 4, kisha akasema tusiishie hapo, tujaribu na mkopo wa miezi 7, na wa miezi 11, na wa mtu aliyelipa zaidi ya rejesho lake, na wa mtu aliyepunguza deni kwa mkupuo katikati ya safari. Kila mmoja ulitoa masalia yake. Jioni ile nilielewa mambo ya mikopo ambayo sikuwahi kuyasikia darasani, na niliyapata kwa mtu aliyesomea ualimu. Hilo ni jambo jingine ninalolipenda katika fani hii: ukiiweza kazi, hakuna anayekuuliza shahada yako inasemaje.

Kisha kuna wateja wenyewe. Nilipelekwa Mbozi kuwafundisha viongozi wa SACCOS moja ya wakulima kutumia mfumo. Mhasibu wao ni mama wa makamo, ameshika leja kwa mkono miaka mingi, mwandiko wake umenyooka kama uliochapwa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Haya, hiyo mashine yako itanipa taarifa ya Tume?”

Alikuwa anamaanisha Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo SACCOS zinapaswa kuipelekea taarifa zake za fedha. Kila ikifika wakati wa mkutano mkuu alikuwa akikesha akilinganisha leja na vitabu vya wanachama, kimoja kimoja. Tuliingiza salio zote, tukabonyeza, ukatoka urari, yaani jedwali la kuonyesha kama hesabu zinalingana. Hakuuamini. Aliweka rula kwenye leja yake, akashuka nayo mstari kwa mstari hadi chini, akivuta vema kwa kalamu nyekundu pale panapolingana. Alipofika mwisho akaniangalia akasema, “Basi mwaka huu nitalala.” Kwa neno lile ningerudi Mbozi hata kesho.

Mengine ninayoyapenda ni ya kawaida. Tangu 2020 tunaruhusiwa siku kadhaa za wiki kufanyia kazi nyumbani, na kwa anayekaa Kibamba, pembezoni mwa jiji, na ana mtoto mdogo hilo si dogo. Mshahara haucheleweshwi. Tunafundishana bila kunyimana.

Nisiyoyapenda nayo yapo. Watu wa mauzo wanaahidi kitu ambacho hakijatengenezwa. Mteja anaambiwa kwamba mfumo unatuma ujumbe wa simu kwa wadhamini wote, anasaini, na sisi tunaipata habari siku ya makabidhiano. Mishahara ni siri, wawili mnaofanya kazi ileile mnaweza kupishana sana na msijue. Na wapo vijana wanaoandikiwa mikataba ya “ushauri” ilhali wanaingia asubuhi na kutoka jioni kama sisi. Hili la mwisho linaniuma. Mchango wa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kijana akiitwa mshauri ile nusu ya mwajiri inapotea, na uzee wake unaanza kuliwa akiwa na miaka 24. Tulilisema kikaoni, wawili wamebadilishiwa mikataba, wengine bado.

Lakini kinachotuchosha kuliko yote, na kilichowaondoa watu wazuri, ni simu za baada ya kazi.

Mwisho wa mwezi SACCOS za waajiriwa hupokea orodha za makato kutoka kwa waajiri. Orodha inakuja kwenye Excel, jina la mtu limeandikwa kwa namna tatu, namba ya uanachama imekosekana, jumla ya chini haifanani na fedha zilizoingia benki. Karani anapakia, mfumo unakataa, anapiga simu. Ni saa tatu usiku, na wanachama wanataka kuanza kukopa asubuhi. “Dada, mfumo umegoma.” Mfumo haujagoma, umekataa orodha mbovu, lakini huwezi kumwambia hivyo ukakata simu. Unafungua laptopu, mnaanza kutafuta jina la mtu mmoja katikati ya mamia. Mnamaliza usiku wa manane, na asubuhi unatakiwa ofisini kama kawaida.

Usiku huo haukuandikwa popote. Hakuna zamu. Anayepokea ni yule ambaye namba yake mteja anayo, na wateja hupeana namba. Mimi niliondoka huduma kwa wateja lakini namba yangu ilibaki kule, nikawa napigiwa hata nikiwa kwenye likizo ya uzazi. Sheria inampa mama likizo hiyo siku 84, na sidhani waliotunga walikuwa wanafikiria siku 84 za kusaka makato huku unanyonyesha.

Nimeisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na kila anayeajiriwa aisome kabla ya kusaini. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Saa za ziada lazima mkubaliane, zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya angalau asilimia 5. Sikukuu ni mara mbili. Mameneja wanaoripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawahusiki na masharti hayo ya saa. Dada wa huduma kwa wateja anayelipwa kima cha kuanzia si meneja.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kuelekea Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi za jirani. Wateja ambao seva zao ziko nje ya nchi hawakuweza kuingia kwenye mfumo. Walitupigia sisi. Hakuna mtu Mikocheni anayeweza kuunganisha waya ulio chini ya bahari, na bado kuna wenzangu wawili walioshinda Jumapili nzima na simu sikioni wakieleza jambo lilelile kwa mhasibu mmoja baada ya mwingine, na Jumatatu wakafika kazini mapema kuhamisha baadhi ya wateja kwenye seva ya hapa nchini. Walishukuriwa kwenye kundi la WhatsApp. Mmoja wao aliacha kazi mwaka uleule. Sasa yuko kwenye kampuni ya Ulaya, anafanyia kazi sebuleni kwake Tabata, analipwa kwa fedha za kigeni. Nilipomuuliza alichokifurahia zaidi nilidhani atataja malipo. Alisema ana ratiba ya zamu, na wiki isiyokuwa yake anazima simu.

Uongozi wetu husema sisi ni familia. Naamini wanamaanisha, kwa sababu nilipofiwa na baba walisafiri hadi Songea, na bosi mwenyewe alikaa msibani siku mbili. Sitalisahau hilo. Ila mfumo tunaouuza unajua mwanachama wa Mbozi anadai riba ya senti ngapi, unajua nani amechelewa rejesho kwa siku moja, na kampuni hiyohiyo haijui wafanyakazi wake walifanya kazi saa ngapi mwezi uliopita. Si kwamba wanaficha. Hawajawahi kuhesabu, na kisichohesabiwa hakiwezi kulipwa, wala kupunguzwa.

Kwa hiyo tumeanza kuhesabu wenyewe. Kila simu ya baada ya kazi inafunguliwa tiketi: nani kapiga, saa ngapi, tatizo gani, limeisha saa ngapi. Kitu cha kwanza tulichokiona kilitushangaza sote. Simu nyingi za usiku zinatokana na orodha za makato, na sehemu kubwa ya kasoro za orodha mfumo ungeweza kuzikamata mapema na kumwonyesha karani mstari wenye shida, badala ya kukataa faili zima. Yule kaka wa databesi ameshaanza kuandika ukaguzi huo, mimi naujaribu kwa orodha halisi zilizofutwa majina. Uongozi ulipoziona tiketi haukubisha. Wamekubali kazi hiyo iingie kwenye toleo lijalo, ambalo awali lilijazwa ahadi za watu wa mauzo.

Mpango wa zamu bado haujapitishwa. Rasimu tumeandika: watu wanne, wiki moja moja, simu ni ya kampuni na si ya mtu, saa za ziada zinalipwa kwa viwango vya sheria, na aliyekesha anaingia kazini baada ya kupata saa zake za kupumzika. Kinachobishaniwa ni fedha za kulipia saa hizo. Kikao kimepangwa kabla ya wateja kuanza kufunga hesabu za Desemba, kipindi ambacho simu huwa hazipoi. Nitakwenda na tiketi zote zimechapishwa.