Nilivyoandika hadithi ya maharamia nikiwa Moshi

Nilianza na ramani, kabla hata ya kumpa nahodha jina. Mwandishi Robert Louis Stevenson alifanya hivyo mwaka 1881 kule Braemar, Scotland: ramani ya kisiwa cha kubuni ilichorwa kwanza, na riwaya yake ya maharamia, Treasure Island, ikazaliwa humo. Njia hiyo inamfaa hasa mtu wa Moshi, ambaye bahari ya Tanga iko zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Karatasi ya grafu inatosha. Sentimita moja niliifanya kilomita mbili, nikaweka mwamba, mlango wa mwamba, mkoko, kisima cha maji matamu na kijiji. Kisima ndicho muhimu kuliko hazina, kwa sababu chombo kisicho na maji ya kunywa lazima kitie nanga mahali, na hapo ndipo maadui hukutana.

Riwaya za namna hii nazisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa raha, mara ya pili na daftari lenye safu tatu kwa kila sura: nani anajua nini, mashua na silaha ziko mikononi mwa nani, maji na upepo vikoje. Katika sura ya 11 ya Treasure Island, kijana Jim, msimulizi, yumo ndani ya pipa la tufaha anaposikia njama ya mabaharia. Bunduki hailii, lakini safu ya kwanza inabadilika yote, na hadithi nzima inageuka. Sura yangu ambayo haikubadilisha safu hata moja niliifuta, hata kama maelezo yake yalipendeza.

Mabadiliko makubwa yalikuwa kuihamishia hadithi kwenye bahari yetu. Hapa upepo una kalenda. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi huanza na masika na kuendelea hadi Septemba hivi. Jahazi likitoka Unguja kwenda Lamu mwezi Januari linapigana na upepo usoni, Julai linasukumwa. Kwa hiyo mwezi wa tukio nauchagua kwanza, halafu upande ambao mtu anaweza kukimbilia. Mwendo wa noti tano, yaani maili tano za baharini kwa saa, ni kilomita tisa na kidogo kwa saa, basi Bagamoyo hadi mji wa Unguja, kama kilomita 40, ni zaidi ya saa nne, upepo ukiwa mzuri. Nahodha anayevuka "kufumba na kufumbua" anawapoteza wasomaji wa pwani papo hapo.

Maji ndiyo yaliyonipa matukio mengi kuliko kitu kingine chochote. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine, huja mwezi unapoandama na unapopevuka, na karibu na Unguja tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita nne hivi. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50, hivyo baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, mpangilio unakuwa umegeuka. Sasa tazama: mwandishi akiandika jahazi lililosheheni likitoroka kwenye mkoko saa nne usiku chini ya mbalamwezi kamili, jahazi hilo limekaa kwenye tope. Maharamia wangu niliwashusha usiku wa mwezi mwandamo, saa tisa, giza totoro na maji yakipanda juu ya mwamba. Wakichelewa hadi jua lichomoze, maji yanawaacha nchi kavu, na wanakijiji hawana haja ya mizinga.

Chombo chenyewe kina mantiki yake. Tanga la jahazi linaning'inia kwenye foromali, mti mrefu unaopandishwa mlingotini, na kubadili upande kunataka foromali izungushwe kwenye mlingoti. Manahodha wengi huzunguka kwa kuupa upepo tezi, yaani nyuma ya chombo, na chombo hupoteza masafa. Katika mbio, kila mgeuko unampa mfukuzaji nafasi ya kukaribia. Nilimpa pia baharia mdogo kazi ya kufua ngama, maji yanayojikusanya chini ya chombo, kwani anayekaa chini kwenye maji machafu husikia mazungumzo ambayo wakubwa hawakukusudia ayasikie.

Ugomvi wa mgawo niliutoa kwenye historia. Kanuni za haramia Bartholomew Roberts zilimpa nahodha mafungu mawili, mkuu wa mizinga moja na nusu, baharia wa kawaida moja. Nikipiga hesabu kamili ya sarafu na watu, chuki inajitokeza yenyewe bila mimi kuieleza. Na mtego wa kumalizia uko Mombasa mwaka 1589: Amir Ali Bey, nahodha wa Waturuki, alibanwa kati ya meli za Wareno baharini na wapiganaji wa Kizimba bara. Niliuchukua mpangilio huo, nikabadili watu na mahali.

Mwisho nasoma kila sura kwa sauti. Sentensi inayonikata pumzi wakati wa dhoruba naigawa. Ndani ya hadithi, maneno kama omo, demani na ngama siyaelezi kwa tafsiri. Namweka mtu anayevuta demani hadi viganja vichubuke, na msikilizaji wa Kiboriloni, hapa Moshi, anaelewa kamba hiyo inafanya nini.