Kilo 81 kwa Wiki 11

Kuanzia Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa Juni hadi katikati ya Septemba, mizani iliyo nyuma ya mlango wa bafu letu hapa South B, Nairobi, ilinionyesha kitu kimoja tu, yaani kilo 81. Zipo asubuhi iliposoma 81.7 nikaondoka nyumbani nimenuna, na zipo nyingine iliposoma 80.4 nikajipongeza kabla ya wakati, kwa kuwa baada ya siku mbili ilirudi pale pale kama mbuzi aliyefungwa kambani. Sikuwa nimeacha mpango wangu wa chakula, wala sikuwa nimekosa kwenda jimu hata wiki moja. Hilo ndilo lililonikera zaidi, maana ningekuwa nimezembea ningejua pa kujilaumu.

Nilianza Januari nikiwa na kilo 92 kwa kimo cha sentimita 162, umri miaka 43, na shinikizo la damu la 148 kwa 94, ambalo daktari alinisomea bila kunibembeleza. Nikaacha sukari kwenye chai. Nikaacha mandazi ya saa nne kwa mama anayeuza nje ya ofisi yetu, nikawa najaza nusu ya sahani mboga kabla ya kugusa ugali, na nikaanza kutembea kwenda kazini Upper Hill na kurudi, kwa kupitia Aerodrome Road, Uwanja wa Nyayo na Barabara ya Bunyala, mwendo wa takriban kilomita 4 kila upande. Kufikia mwisho wa Juni nilikuwa nimepunguza kilo 11.

Mimi ni mhasibu, na mhasibu akiona takwimu zinakwenda upande mmoja hachelewi kuzichorea mstari. Nilikuwa nimesoma, kama watu wengi walivyosoma, kwamba kilo moja ya mafuta ya mwilini ni sawa na kalori 7,700 hivi, kwa hiyo anayekula kalori 500 pungufu kila siku atapoteza karibu nusu kilo kwa wiki. Nikaliingiza hilo katika lahajedwali, yaani jedwali la hesabu kwenye kompyuta, na kwa miezi sita mstari wangu na mizani yangu vilikwenda sambamba kwa namna iliyonipa kiburi. Mstari huo ulisema kwamba Krismasi ingenikuta na kilo 69. Nilikwisha kumwambia fundi wangu wa nguo asinishonee kitu chochote cha kubana hadi Desemba.

Hapa lazima nimtaje mama yangu, anayeishi Wundanyi, kule Taita, kwa sababu hakuna aliyeyapokea mambo haya kwa namna tofauti na yangu kama yeye. Nilipomtembelea wakati wa Pasaka alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasubiri wageni watoke, kisha akaniuliza, "Mwanangu, una shida gani ambayo hutaki kuniambia?" Kwetu mtu akipungua hapewi pongezi upesi, bali huulizwa kwanza kama anaumwa au kama ndoa ina matatizo. Niliporudi Agosti nikiwa nimekasirikia kilo 81 zisizosogea, alinishika mkono akasema, "Sasa umetulia, mshukuru Mungu." Kilichokuwa msiba kwangu kilikuwa jibu la sala zake, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba nilikuwa naomba kinyume chake.

Mkufunzi wa mazoezi pale jimu alikuwa na maelezo yake. Alisema ninakula kidogo mno, kwamba mwili umeogopa njaa ukajifunga, na kwamba dawa ni kuongeza chakula ili ufunguke. Maelezo hayo yanapendeza kusikika, na nadhani ndiyo sababu yamesambaa sana. Ukweli ni kwamba mwili hubana matumizi yake mtu anapokonda, tena wakati mwingine kupita kiasi: watafiti waliowafuatilia washiriki 14 wa shindano moja la televisheni la kupunguza uzito huko Marekani walitangaza mwaka 2016 kwamba, miaka sita baada ya shindano, miili yao ilikuwa ikitumia kalori zipatazo 500 kwa siku chini ya ilivyotarajiwa. Lakini kubana matumizi si kufunga duka. Katika majaribio ya njaa yaliyoongozwa na mtafiti Ancel Keys katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 walipewa kwa miezi sita karibu nusu ya chakula walichozoea, nao wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Miili yao ilibana matumizi kweli, na bado ilikonda. Nikamshukuru mkufunzi nikaendelea na njia yangu, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa mbaya kuliko yake.

Niliacha chakula cha jioni. Kwa siku nne mizani ilishuka kwa zaidi ya kilo moja, na siku ya tano tulialikwa pilau kwa jirani, nikala sahani moja ya kawaida, na kilo ile ikarejea yote kwa usiku mmoja. Nililia bafuni, ninakiri. Laiti ningejua wakati ule ninachokijua sasa, kwamba wanga unaohifadhiwa mwilini hukaa na maji, kila gramu moja ya akiba hiyo ikishika gramu tatu hivi za maji, na kwamba chumvi nayo huzuia maji, sembuse zile siku za mwezi ambazo sisi wanawake huvimba bila kula chochote cha ziada. Kilo iliyotoka ilikuwa ya maji kwa sehemu kubwa, na iliyorudi ilikuwa maji vilevile. Hakuna mafuta ya kilo nzima yanayoingia mwilini kwa sahani moja ya pilau, hata ingekuwa na nyama nyingi kiasi gani.

Nilirudi kwa daktari. Vipimo vya tezi ya thairoidi vilikuwa sawa, sukari ilikuwa sawa, na shinikizo la damu lilikuwa limeshuka hadi 128 kwa 82, jambo ambalo yeye alilifurahia kuliko mimi. Aliniambia kwamba kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito huleta nafuu inayopimika, na mimi nilikuwa nimevuka hapo. Kisha akaniuliza kazi yangu ni ipi, na nilipomjibu akacheka, akasema, "Basi nenda ukafanye kazi yako."

Katika kazi yangu, daftari la ofisi likipishana na taarifa ya benki, hatusemi kwamba benki ina uchawi. Tunakaa chini tunatafuta ni malipo gani hayakuandikwa. Nikachukua siku moja ya Jumamosi, nikatengeneza pande mbili, nishati inayoingia na nishati inayotoka, nikaanza kuuliza ni kitu gani kilibadilika kati ya Januari na Juni ambacho sikukiandika.

Kilichobadilika kwanza nilikuwa mimi mwenyewe. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi wa lishe tangu mwaka 1990, iitwayo Mifflin-St Jeor, hukadiria nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika, na ndani yake kila kilo moja ya uzito ina thamani ya kalori 10 kwa siku. Kilo 11 nilizozipoteza zilikuwa zikila kalori 110 kila siku bila mimi kunyanyua hata kijiko, na ukiongeza kwamba kuusogeza mwili mdogo ni kazi rahisi kuliko kuusogeza mkubwa, nilikadiria kwamba matumizi yangu yalikuwa yamepungua kwa kalori 150 hivi. Chakula cha Januari, kilichokuwa pungufu kwa mtu wa kilo 92, hakikuwa pungufu kiasi kile kwa mtu wa kilo 81. Mstari wangu ulionyooka ulikuwa na kosa tangu siku ya kwanza, kwa sababu hesabu ya kalori 7,700, ambayo chanzo chake ni makala ya daktari Max Wishnofsky ya mwaka 1958, haikuundwa kwa mwili unaopunguza mahitaji yake kadiri unavyopungua. Mstari halisi hupinda.

La pili lilinishangaza zaidi. Nilijiunga na jimu mwanzoni mwa Juni, baridi ilipoingia na asubuhi za Nairobi zikawa za mawingu mazito, na tangu hapo nikawa napanda matatu kwenda na kurudi, nikijiambia kwamba mazoezi nimekwisha kuyalipia. Nilipopiga hesabu niliona kwamba kutembea kilomita 40 kwa wiki kulikuwa kukitumia kalori zipatazo 2,000, ilhali vipindi vyangu vitatu vya jimu, ukiondoa muda wa kusubiri mashine na kuzungumza, havikufika hata nusu ya hizo kwa uhakika. Nilikuwa nimebadilisha mazoezi mengi yasiyo na jina kwa mazoezi machache yenye risiti.

La tatu lilikuwa mafuta ya kupikia, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndilo lililonifundisha namna ninavyojidanganya. Kwa miezi yote ile niliandika nilichokula, kwa uaminifu, kila siku: ugali kipande kimoja, sukuma wiki, ndengu bakuli moja, yai. Sikuwahi kuandika mafuta, kwa sababu sikuyaona. Lakini nina daftari la matumizi ya nyumbani, na ndani yake kuna tarehe ya kila mtungi wa mafuta wa lita 3 tulioununua. Tuko watu wanne. Mtungi ulionunuliwa Februari ulitudumu siku 40, na ule wa Julai ulidumu siku 25. Lita 3 kwa watu wanne kwa siku 40 ni chini kidogo ya mililita 19 kwa kila mtu kwa siku, na kwa siku 25 ni mililita 30 kamili. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ambazo ni zaidi ya maradufu ya wanga au protini, kwa hiyo tofauti hiyo ndogo, ambayo ukiimimina kijikoni haikijazi kijiko kimoja cha mezani, ni kalori zaidi ya 90 kwa siku kwa kila mmoja wetu.

Nani alimwaga? Hakuna. Januari nilikuwa nikisimama mwenyewe jikoni na kijiko mkononi. Kufikia Mei ari ilipoa, nikamwachia dada anayetusaidia nyumbani, naye hukaanga kama anavyokaanga mtu yeyote anayependa watu wale chakula kitamu, kwa kuinamisha mtungi. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole, "Mama, wewe ndiye uliyesema ndengu zimekuwa kama dawa." Ni kweli nilisema.

Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha uchunguzi juu ya watu waliolalamika kwamba hawapungui licha ya kula kidogo. Walipopimwa kwa njia zisizotegemea maneno yao ilionekana kwamba miili yao haikuwa na hitilafu, bali walikuwa wakila karibu maradufu ya walichoripoti, na wakikadiria mazoezi yao kwa kiasi cha nusu zaidi ya ukweli. Zamani nilisoma habari hiyo nikawaona waongo. Sasa ninaamini kwamba wengi wao walikuwa na daftari safi kama langu.

Jumla ya makadirio yangu kwa siku, yaani 150 za mwili kupungua, 150 hivi za kuacha kutembea na 90 za mafuta, ilifika kalori 390 hivi kati ya zile 500 nilizokuwa nikizitafuta. Hizo 110 zilizobaki sikuzihangaikia, kwa sababu nilijua zinakoishi: chapati ya pili ya Jumapili, viporo vya sahani ya mtoto ninavyovimaliza nikiwa nimesimama, na mkutano wa mwisho wa mwezi wa chama chetu cha kuchangiana pesa, ambako kukataa kupakuliwa mara ya pili huonekana kama kumtukana mwenye nyumba.

Nilichofanya baada ya hapo hakina mvuto wowote. Kijiko kimefungwa kwa uzi kwenye mtungi wa mafuta, viwili kwa sufuria ya mboga na vitatu kwa ndengu, na vitunguu, nyanya na dania vimeongezwa ili pasiwe na malalamiko. Ninatembea kurudi nyumbani jioni siku nne kwa wiki na ninaendelea na jimu siku mbili, nikinyanyua vyuma badala ya kutembea juu ya mashine. Omena na mayai vimeongezeka, ugali umepungua kidogo, chapati ya Jumapili imebaki moja, na katika chama ninakula mara moja kisha ninajitolea kuosha vyombo, kwa kuwa hakuna anayempakulia mtu mwenye mikono yenye povu. Mizani ninaipanda kila asubuhi, lakini ninachokiandika ni wastani wa siku saba.

Fundi wangu naye alikuwa na ushahidi ambao sikuuomba. Aliponipima kiuno Septemba kwa ajili ya gauni la kitenge la harusi ya binamu yangu, tepu ilisoma sentimita 94, na katika daftari lake la Juni alikuwa ameandika 97. Aliniuliza mbona nililalamika kwenye simu kwamba sipungui. Sikuwa na jibu, kwa sababu katika wiki zote 11 nilipokuwa nikigombana na mizani sikuwahi kujipima kiuno hata mara moja.

Sasa ni katikati ya Novemba. Wastani wa wiki hii ni kilo 79.3, ambao ni mwendo wa polepole kuliko ule wa mwanzo, na lahajedwali yangu mpya ina mstari uliopinda ambao haunipi kilo 69 kabla ya mwaka ujao kwisha, ukinipa hata huko. Mtungi wa mafuta uliopo jikoni ulifunguliwa siku 21 zilizopita. Jana usiku niliunyanyua nikautazama kwenye mwanga wa taa, na umebaki nusu.